Bafta, Kafuri na Nywele Zangu Timtim

Leo nimeadhirika, mashoga zangu. Si kuadhirika kwa kujikwaa mbele ya watu, kule nshazoea. Leo nimeadhirika mbele ya jeneza. Sogeeni hapa mkekani nikuhadithieni tangu mwanzo, na atakayecheka kabla sijamaliza namnyang'anya kikombe cha kahawa.

Mnazijua nywele zangu. (Nani asiyezijua? Zinaonekana toka Darajani.) Nyingi, timtim, kaidi, na hewa ikiwa na maji kidogo tu zinaumuka kama unga wa maandazi uliosahauliwa. Na jana mvua ya masika ilinyesha kutwa. Basi asubuhi naamka, nataka kupitisha chanuo, chanuo linaingia halitoki. Nimelivuta, limetoka limepungua jino.

Nikampelekea Bibi chai yake ghorofani. Bibi yangu Bi Mize ndiye aliyenilea tangu mama alipofariki, na mtaa mzima wa Kiponda unajua kuwa homa imemlaza wiki hii, hata dirishani haonekani. Nikafungua mlango. Akageuza shingo taratibu akanitazama.

"Saada," akasema, "kichwa chako nshakiona, kimeingia. Wewe mwenyewe uko wapi?"

Siku nyingine ningecheka. Leo nilitaka kulia, maana leo baada ya alasiri Bi Zuwena wa Malindi alikuwa anakuja kunitazama. Kunitazama kule mnakokujua nyinyi, kwa ajili ya mwanawe, Nassor. Yule karani wa bandarini anayepita chini ya dirisha letu na baiskeli, akapiga kengele wakati kichochoro hakina hata kuku. Nami nikiisikia ile kengele namwaga chai. Nshamwaga chai nyingi sana mwaka huu.

Na mnakumbuka yaliyonipata mwaka jana. Walikuja watu wengine kunitazama, wakanywa chai yetu, wakazimaliza sambusa zetu, wakaenda zao kimya mpaka leo. Baadaye tukasikia pembeni kuwa mama mtu alisema sura si mbaya, lakini kichwa ni msitu wa Jozani. Yule mwanawe sikumtaka, kwa hiyo sikulia. (Nililia kidogo.) Lakini Nassor namtaka, nakwambieni wazi, na nilijua Bi Zuwena naye akiondoka kimya, ile kengele haitapigwa tena chini ya dirisha letu.

Zaidi ya hayo, posa haitangazwi mpaka ijibiwe. Ikivunjika, aibu inabaki kwa msichana. Kwa hiyo Bibi alinikanya asijue mtu, na hasa asijue Bi Riziki wa nyumba ya mbele. Bi Riziki ana moyo wa dhahabu, Mungu amuweke, lakini ukitaka habari yako ifike Bububu kabla ya gari, mwambie Bi Riziki, kisha umwambie ni siri.

Basi nikaanza kazi mapema. Nilikuwa nimesikia kwa watu kwamba bamia zikichemshwa, ule utelezi wake unalaza nywele mpaka zinang'aa kama za wale wanawake wa sinema za Kihindi. Nikachemsha, nikachuja, nikajipaka kichwa kizima. Wallahi zikalala. Nikajitazama kiooni mbele, nikajitazama ubavuni, nikaanza kujiona mke wa karani. Kisha zikaanza kukauka. Zilikauka zikasimama palepale zilipokuwa, ila sasa zimekuwa ngumu na zinanuka mchuzi. Paka wa jirani akaja akakaa mbele yangu akinisubiri.

Nikasema ndimu itaondoa. Nikakamua ndimu kichwani. Ikaondoa bamia kidogo, iliyobaki ikateremka nayo machoni. Nikawa sioni. Nikapanda ngazi kwa kupapasa mpaka kwa Bibi, macho mekundu, kamasi zinanitoka, nikamwambia Bibi yangu nisaidie.

Akaniuliza, "Unakiosha hicho kichwa au unakipika?" Kisha akanionea huruma, akanishika kichwa kwa mikono yake miwili yenye joto la homa, akasema, "Nywele hizi umezitoa kwangu, hukuziokota. Na babu yako alinioa nazo. Sisi tulikuwa tukiosha kwa majani ya mkunazi."

Akanielekeza. Nitwange majani ya mkunazi mabichi, nioshee, na mengine niyaache kichwani. Nisage kafuri nichanganye na mafuta ya nazi, nipake ngozi ya kichwa kwa pamba. Kisha nifunge kichwa kwa bafta mpya, ile nguo nyeupe ngumu isiyofuliwa, nikaze barabara ili nywele zikauke zimelala. Mwisho nijifukize udi, nijinyunyizie marashi. "Ukifanya hivyo," akasema, "Bi Zuwena atadhani umenyolewa."

Naona mnatazamana. Ndiyo. Mkunazi, kafuri, pamba, bafta, udi na marashi. Vitu vyote anavyoandaliwa maiti toka kuoshwa mpaka kuvishwa sanda, hakuna hata kimoja kilichokosekana. Nyinyi mmegundua mmekaa hapa na kahawa yenu. Mimi sikugundua, maana akili yangu yote ilikuwa kichwani leo, lakini juu yake, si ndani.

Nikajitanda kanga mpaka kwenye nyusi nisionekane nywele, nikavaa buibui, nikaenda kwa Bi Riziki, kwa sababu mkunazi wa karibu uko uani kwake. Nikamwamkia, "Shikamoo, Bi Riziki." Akanijibu marahaba huku ananikazia macho. Nikamwomba majani, tena mengi, kikapu kizima. Akaniuliza ya nini. Nikamwambia kanituma Bibi. (Uongo sikusema.) Akaniuliza Bibi yako vipi leo. Sasa hapo nikaingiwa na hofu, nikajua swali hili litazaa jingine, na jingine litazaa Nassor. Macho yanawaka ndimu, machozi yananitiririka, mdomo unanitetemeka kwa woga wa kutoa siri.

Nikamwambia, "Bi Riziki, nakuomba leo usiniulize kitu."

Na Bi Riziki akanyamaza. Hilo peke yake lingetosha kunishtua, maana Bi Riziki hakunyamaza hata alipong'olewa jino. Lakini mimi nikaona nimepata bahati. Akayakata yale matawi kwa mkono wake, akanijazia kikapu, akanikumbatia kifuani kwa muda mrefu, na nilipomwacha alikuwa anafuta macho kwa ncha ya kanga. Nikajiambia labda na yeye kaingiwa na ndimu yangu.

Nikatoka pale moja kwa moja mpaka Darajani, kwa yule mzee wa Kihindi anayemuuzia Bibi nguo tangu mimi sijazaliwa. Duka lake mnalijua, limechanganya kila kitu. Nikamwambia nataka bafta. Akatoa jora. Nataka na kafuri. Akasita. Na pamba, na marashi, na udi mzuri. Yule mzee akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Hakunipa hata nafasi ya kupatana bei. Akapima bafta kwa ukarimu, mkono juu ya mkono, akaongeza nyingine, akafunga kila kitu vizuri kwa karatasi na uzi, akanisindikiza mpaka mlangoni. Mlangoni akaniambia Bibi yako mtu mzuri sana.

"Ndiyo," nikamjibu kwa furaha, "ahsante."

Nikaondoka natabasamu. Njia nzima najiambia, Saada, hata kabla ya kuosha nywele watu wanakuheshimu, je, ukishaziosha?

Nyumbani nilimkuta Bibi kalala usingizi mzuri, jasho linamtoka, homa inamwachia. Nikafunga madirisha ya juu yote upande wa njia ili wachuuzi wasimwamshe. Nikarudisha mlango wa mbele bila kuutia komeo, kwa sababu nilitegemea wageni. Nikateremka uani. Nikatwanga majani, nikawasha chetezo mapema udi ukolee. Sasa nyumba inayojulikana ina mgonjwa, imefunga madirisha mchana kweupe, inafuka udi, na ndani kinu kinatwanga mkunazi. Nikiwa mimi mpita njia, na mimi ningeanza kulia.

Nikajitia pamba masikioni maji yasiingie, pamba nene, nikazishindilia. Nikaosha. Nikapaka ule uji wa majani, kijani kibichi, mpaka kwenye paji la uso. Nikapaka kafuri. Nikaifunga ile bafta, nikazungusha na kuzungusha (yule mzee alinipimia ya mtu mzima, sasa nimejua), ikanishika kichwa kizima, ikapita chini ya kidevu, ncha zikabaki zinaning'inia mpaka kiunoni. Basi nikakaa kwenye kibao uani, nasubiri ikauke, na kwa kuwa nilikuwa na raha na sisikii kitu, nikaanza kuimba. Niliimba nyimbo za harusi, moja baada ya moja, kwa sauti yangu yote. Na sauti yangu mnaijua.

Kumbe Bi Riziki kamwambia mumewe, mumewe kawaambia wa msikitini, na Bi Riziki mwenyewe kazunguka Kiponda, kaingia Malindi, kagonga na kwa Bi Zuwena. Wakapiga hodi kwangu, sikusikia. Wakaingia. Wakatandika majamvi ukumbini. Wakalia. Na mimi uani naendelea, vigelegele na kila kitu. Nimeambiwa baadaye kwamba wale wanawake kila wakinisikia walizidi kulia, wanasema maskini mtoto, akili imemruka kwa msiba.

Nikasikia kiu. Nikaja ukumbini kuchukua maji ya mtungi.

Nikaukuta ukumbi mweusi kwa mabuibui. Wamejaa mpaka kwenye ngazi. Na mbele kabisa kakaa Bi Zuwena, mapajani ana sinia limefunikwa kawa. (Visheti. Alivipika kwa ajili ya kuja kunitazama, akaambiwa ni msiba, akashindwa kuviacha na akashindwa kuvitoa.) Na mimi nimesimama mbele yao, kichwa kimefungwa bafta nyeupe, pamba zimetokeza masikioni, uso wa kijani, nanuka kafuri. Nikadhani wamekuja wote kunitazama. Nikasema moyoni, posa gani hii ya kuja na mji mzima? Na siri ya Bibi imekwenda wapi? Lakini adabu ni adabu. Nikatabasamu, nikawaambia karibuni, karibuni sana, nimefurahi.

Wakapasuka kilio. Sikukisikia, lakini nilikiona. Bi Riziki akaniangukia shingoni anaongea, anaongea, nami naitikia kwa kichwa. Mwisho nikatoa pamba sikio moja, na hapo ndipo nikasikia, "...na tumwoshe mapema, Saada, wanaume washafika."

Kabla sijauliza aoshwe nani, juu ya ngazi pakatokea Bibi. Kajitanda shuka jeupe, maana jasho lilimlowesha kanga. Kasimama anatutazama wote.

"Nani kafa?" akauliza. "Mbona mimi sikuambiwa?"

Mashoga zangu, sijapata kuona watu wazima wakikimbia namna ile. Waliokuwa kwenye ngazi waliteremka bila kukanyaga ngazi. Bi Riziki alijifunika kwa jamvi akawa anasoma kila aya anayoijua. Mtu mmoja katika kukimbia aliishika ncha ya bafta yangu akaondoka nayo mpaka mlangoni, nami nikazunguka pale nilipo kama pia, na nilipoacha kuzunguka nywele zilikuwa wazi. Hazikuwa zimekauka. Hazikuwa zimelala. Zilikuwa zimesimama, nusu kijani, majani yanadondoka bega la kulia na la kushoto. Na mlangoni wakawa hawapiti, kwa sababu wanaume wa msikitini wameshaleta jeneza na limekwama pale kwenye kizingiti.

Bibi akateremka pole pole, mkono ukutani. Akapita katikati ya majamvi mpaka kwenye jeneza. Akalitazama juu, akalitazama chini.

"Fupi hili," akasema. "Lirudisheni."

Wanaume wakalirudisha. Wanawake wakaanza kurudi mmoja mmoja kumgusa Bibi mkono, wahakikishe una joto. Ndipo maneno yakatoka: mkunazi, bafta, kafuri, Darajani, dirisha. Kila mtu akageuka akanitazama mimi. Na Bi Zuwena naye, ambaye hakukimbia kwa sababu sinia lilimuwia zito, kakaa palepale ananitazama kichwa. Nilitamani ardhi ipasuke. Nikaiona ile baiskeli inapita njia nyingine maisha yangu yote. Machozi yakanitoka, na safari hii hayakuwa ya ndimu.

Bibi akaketi kwenye kiti. Akavuta pumzi. Siri ilishakufa yeye akiwa hai, akaona haina maana kuifukia.

"Basi, Bi Zuwena," akasema, "ulikuwa uje kumtazama mjukuu wangu. Mtazame. Hakuna kilichofichwa."

Bi Zuwena akaweka sinia chini. Akainuka, akanijia, akanitoa jani la mkunazi kwenye nyusi. Mimi nikaanza kumwomba radhi, na kueleza bamia, na kueleza mvua, akaniwekea kidole mdomoni.

"Mwanangu," akasema, "mimi nimekaa hapa nikawasikiliza hawa wote. Kila aliyemlilia bibi yako alikulilia na wewe. Huyu anasema jinsi unavyomkanda miguu, huyu anasema hujatoka nyumbani tangu alipoanza homa. Msichana siku ya posa husifiwa na watu wanaojua kuna posa. Wewe umesifiwa na watu waliodhani kuna maziko tu. Mimi nitataka sifa gani tena?"

Bi Riziki akatoka chini ya jamvi akapiga kigelegele. (Aliyechelewa kufika, akasikia kigelegele kwenye msiba, akarudi kwao moja kwa moja.) Bi Zuwena akakunja mikono ya nguo, akanishika mkono akanipeleka uani, akachukua kata ya maji, akanisuuza kichwa chote mwenyewe, kwa sababu mkunazi ukikaukia nyweleni kuutoa ni kazi. Aliniosha pole pole, ananiuliza maji ni baridi, naona haya kumjibu. Akaniambia Nassor naye alizaliwa na kichwa kama hiki, ila yeye ananyoa, watu hawajui. Sijapata kuoshwa kichwa na mtu mwingine tangu mama. Nililia tena, akajifanya anadhani ni maji.

Visheti vimeliwa vyote, na waliokuja kuzika ndio waliokula zaidi. Bibi kakaa kitini kama bi harusi, kapona kabisa, anawataja waliolia na wasiolia. Kamwambia Bi Riziki, "Wewe ulilia vizuri, nilikusikia toka juu. Siku yenyewe ikifika usipunguze." Ile bafta kaikunja kaiweka sandukuni, kasema kitu kizuri hakitupwi.

Na alasiri, mkitaka kujua, kengele ya baiskeli imepigwa kichochoroni. Imepigwa sana, mpaka mzee mmoja akatoa kichwa dirishani akauliza kama kuna moto.

Nywele? Zitazameni wenyewe. Zimekauka, na ziko palepale zilipokuwa asubuhi.

Sasa chekeni, nimewaruhusu. Bi Riziki yeye kanicheka kutwa, kisha magharibi kaja kunong'ona mlangoni, eti kama kafuri imebaki nimpe na yeye, ana nywele za kuosha kesho. Nimempa. Ila nimemwambia kabla ya kujifunga kitambaa asimame kwanza dirishani, autangazie mtaa kuwa yu hai.